Kiungio Kilichopotea Kwenye Kuskusi ya Posa

Siku niliyopeleka posa, baba mkwe aliuma chuma kwenye kuskusi.

Tulisikia wote. Kak!

Sinia lilikuwa katikati, watu sita tumelizunguka. Mzee akaacha kutafuna. Akakodoa macho. Na sisi vijiko vikabaki hewani.

Pale mezani, mimi peke yangu ndiye niliyejua kile chuma ni nini.

Au ndivyo nilivyodhani.

Jamani, kaeni vizuri niwaeleze, maana kisanga hiki nimekibeba mwenyewe nimechoka.

Naitwa Redouane. Nafundisha hesabu hapa Blida, chini ya mlima wa Chréa. Na nina ugonjwa mmoja: baiskeli.

Sisemi kuendesha. Kuendesha ni jambo dogo. Ugonjwa wangu ni kuisafisha.

Kila Alhamisi nikitoka shule naipindua uani, magurudumu juu. Nafuta spoki moja baada ya nyingine kwa kitambaa. Nina mswaki wa gia za nyuma, mswaki wa gia za mbele, na wa tatu wa breki.

Mama yangu aliwahi kusimama mlangoni akaniangalia weeee, kisha akauliza, "Na wa meno yako ni upi?"

Masaa manne yanakwenda hivyo. Ijumaa asubuhi naendesha masaa mawili, inachafuka, narudi kuanza upya.

Msinicheke. Kikundi chetu chote kiko hivyo, na kina sheria yake.

Ijumaa, kabla ya kupanda mlima, mwenyekiti anatoa leso nyeupe na kuipitisha kwenye cheni ya kila mtu. Leso ikitoka na weusi kwako, unavishwa kengele ya mbuzi shingoni. Unapanda nayo mpaka kileleni, ng'eng'e ng'eng'e, kilomita karibu ishirini.

Nimewahi kuivaa mara moja. Mbuzi watatu walinifuata mpaka juu. Mmoja hakutaka kurudi kwao.

Tangu siku ile nikaapa, sivai tena.

Dawa ya leso nyeupe ni nta. Mafuta yanashika vumbi, nta haishiki. Unayeyusha nta kwenye sufuria, unatumbukiza cheni pamoja na kiungio chake, kile kijichuma kidogo kama kucha kinachofunga ncha mbili za cheni. Unaacha nta iingie taratibu, unatoa, unaanika kwenye kamba ya nguo. Ikikauka unaweza kuishika ukiwa na shati la harusi.

Na kwa kazi hiyo sufuria nzuri ni moja tu duniani. Sufuria kubwa ya kuskusi ya mama.

Mama hakujua. Angejua, ningekuwa nasimulia haya kutoka kaburini.

Sasa tuje kwa Wassila.

Wassila anafanya kazi kwenye duka la dawa. Nilikwenda kununua plasta, kiwiko kimechunika.

"Umeanguka na baiskeli?" akaniuliza.

"Nimeanguka kwenye ngazi."

"Ngazi za kwenu zinapakwa grisi?"

Nikajua huyu ndiye. Miezi minane baadaye nikamwambia nataka kuleta wazee kwao. Badala ya kufurahi, akanishika mkono.

"Redouane, sikia. Mama asijue habari ya baiskeli."

"Kwani ni haramu?"

"Kwa mama ni zaidi ya haramu. Baba alikuwa mtu wa baiskeli. Akiendesha masaa matatu, anasafisha matano. Mama alihesabu. Miaka ishirini na mitano."

"Masaa matano ni mengi kidogo," nikasema. Moyoni nikasema, mzee alikuwa makini.

"Siku niliyozaliwa mimi, walikuja kumwita baba. Mama ana uchungu, gari linasubiri. Unajua alijibu nini? Akasema nakuja, nimeshafungua beringi, nikiziacha zitapotea."

Nikatazama viatu vyangu.

"Alipofika hospitali nilikuwa nimeshanyonya nikalala. Mama aliapa, hakuna mtu wa baiskeli atakayeoa binti yake. Kijana mmoja alikuja kumposa dada yangu, mama akaona kofia ya baiskeli kwenye gari. Alitoka na ufagio."

"Na baba yako?"

"Mama alimwambia achague. Akaiuza, miaka kumi sasa. Siku hizi anafuga ndege. Ana chiriku wawili juu ya paa, anashinda nao."

Basi nikaapa tena. Kwa huyu binti, mimi si mtu wa baiskeli. Mimi ni mtu wa ngazi.

Posa ikapangwa Ijumaa, baada ya sala.

Mtu mwenye akili angepumzika Alhamisi ile. Mimi nikajiambia, asubuhi na mapema napanda mlima na wenzangu, saa nne niko nyumbani, naoga, baada ya sala niko na wakwe. Kwa hiyo Alhamisi lazima cheni iingie kwenye nta. Leso nyeupe haijui posa.

Mama akatoka kwenda sokoni. Nikatoa sufuria.

Cheni ilikuwa ndiyo kwanza nimeianika, nta bado ni ya moto, nikasikia honi nje. Ami Boualem, kaka wa marehemu baba yangu, amesimamisha gari.

"Redouane! Leta ile sufuria kubwa. Wakwe zako wameiomba."

Nikaitazama sufuria, nta bado inafuka.

Ni hivi, sufuria ya mama ni maarufu. Harusi na matanga ya mitaa mitatu hupikiwa humo. Kuiazima si aibu, aibu ni kumpikia mgeni kwenye ndogo. Mama yake Wassila alikuwa ameiagiza kwa nia njema kabisa, ili atupikie sisi.

Nikakimbia. Nta nikaimwaga nyuma ya mchungwa. Maji ya moto mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikafuta na fulana yangu. Nikamkabidhi ami.

"Mbona ya moto?"

"Nimeisafisha, ami."

Ami akanitazama kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Maashallah! Kijana anaosha sufuria kwa mikono yake. Hili nitawaambia wakwe."

Na aliwaambia kweli, Mungu amlipe.

Ijumaa alfajiri nikashuka uani kufunga cheni. Cheni ipo, nyeupe, safi, inapendeza. Kiungio hakipo.

Nikatafuta chini ya kamba. Nikatafuta kwenye ndoo, kwenye mifuko, kwenye viatu vya mama. Nikachimba nyuma ya mchungwa kwa kijiko. Wenzangu wakapiga simu, wakachoka, wakaondoka.

Saa tatu asubuhi nikakumbuka. Nikakaa chini, pale pale kwenye udongo.

Kiungio sikukitoa kwenye sufuria. Kimeganda chini, kwenye utando wa nta. Na muda ule sufuria ilikuwa jikoni kwa mama mkwe, inatokota.

Nikampigia Wassila, hapokei. Nikamwandikia: "Angalia chini ya sufuria!!!"

Baada ya nusu saa akajibu: "Nimeangalia. Kuna moto."

Kisha akazima simu, kazi za kuandaa wageni ni nyingi.

Baada ya sala tukaingia kwa wakwe. Mimi, mama yangu Yamina, ami Boualem, na sanduku la keki za lozi. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Kucha nilizisugua kwa ndimu na sukari mpaka zikawaka moto.

Mama Zoulikha, mama yake Wassila, alitupokea mlangoni. Mwanamke mfupi, macho makali. Aliposhika mkono wangu hakuuachia. Akaugeuza huku na huku, kama mtu anayenunua samaki.

"Mm," akasema.

Jamani, hiyo "mm" sitaisahau.

Mzee Djelloul, baba yake, alikuwa mpole, lakini hana utulivu. Kila mara macho yake yanakwenda kwenye sufuria. Nikadhani ni njaa.

Sinia likaja. Mlima wa kuskusi, zile chembe za ngano, nyama ya kondoo juu, mamumunye, dengu tele na mchuzi wake. Wassila akakaa karibu na mama yake, macho chini. Bismillahi.

Ami Boualem akaonja, akafumba macho. "Wallahi, shemeji Zoulikha, nimekula kuskusi miaka sitini. Kama hii sijaona. Hata chembe mbili hazijashikana! Zinateleza zenyewe!"

"Hata mimi nashangaa," akasema Mama Zoulikha. "Na siagi sikutia nyingi."

Nikameza mate. Yakateleza nayo.

"Ni usafi wa sufuria," ami akaendelea. "Mwenyewe huyu kijana ameiosha. Niliikuta ya moto!"

"Niliona. Ilikuwa inang'aa." Akanitazama. "Inang'aa mno."

Mimi sikuwa nakula, nilikuwa natafuta. Nilipekua upande wangu wote, dengu moja moja. Hakuna. Nikavuka mpaka, nikaingia upande wa mama yangu. Nikainua mamumunye, nikachungulia chini.

Mama akanifinya paja. "Kula mbele yako," akasema kwa meno.

"Natafuta dengu, mama."

"Mbele yako zimejaa."

"Za huku zimeiva zaidi."

Mnajua adabu ya sinia. Mtu mzima anakula mbele yake. Mimi, siku ya posa yangu mwenyewe, kijiko changu kilikuwa kimeshafika mbele ya baba mkwe. Nilikuwa nachimba chini ya nyama yake. Mzee naye, ajabu, alikuwa anachimba upande wangu. Vijiko vyetu vikagongana katikati.

"Karibu, mwanangu," akasema.

"Ahsante, baba," nikasema.

Wassila alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

Ndipo tukasikia. Kak!

Mzee akatia vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakifumba kiganjani. Uso umekuwa mwekundu.

"Nini hicho?" mkewe akauliza.

"Mfupa. Wa kuku."

"Nimepika kondoo."

"Basi wa kondoo."

Akakitia mfukoni. Akafuta mdomo, akasimama.

"Kijana, njoo juu nikuonyeshe ndege wangu."

Nikajua yamekwisha. Mtu haonyeshwi ndege katikati ya chakula. Nikamwangalia mama yangu kama mtu anayeaga. Nikapanda ngazi nyuma ya mzee, na kila ngazi ninayopanda, moyo unashuka moja.

Tulipofika paani sikungoja aulize. Machozi yakanitoka.

"Baba, nisamehe. Ni changu. Mimi ni mtu wa baiskeli. Nilichemsha cheni kwenye sufuria, kiungio nikakisahau. Nampenda binti yako, sikutaka kumpoteza. Nifukuze, lakini mama yangu usimwambie habari ya sufuria."

Mzee alivaa miwani, akatoa kile chuma, akakiinua juani.

"Baiskeli yako ina gia ngapi nyuma?"

"Eeh?"

"Gia. Ngapi?"

"Kumi na moja, baba."

"Hiki ni cha gia kumi."

Sikuelewa. Akatazama mlangoni, akanishika bega, akanivuta nyuma ya vizimba vya ndege. Palikuwa na shuka kuukuu. Akalifunua.

Wallahi, sijaona baiskeli safi kama ile. Fremu ya buluu, spoki zinamulika, cheni nyeupe pee imening'inia, inasubiri kufungwa. Nilitaka kuvua viatu.

"Hukuiuza?"

"Niliuza kengele," akasema. "Nisionekane mwongo kabisa."

"Na sufuria?"

Akajikuna kichwa. "Jana Zoulikha na binti walikwenda hamamu. Sufuria ikaletwa, ya moto. Nikafungua, nikanusa. Nta! Nikasema, Djelloul, hii ni ishara. Nikayeyusha nta yangu humo, nikatumbukiza cheni. Kiungio changu nimekitafuta tangu jana."

Tukaangaliana. Kisha tukaanza kucheka, kile kicheko cha wezi wawili waliokutana dirisha moja.

"Unaiendesha lini, baba?"

"Kuendesha?" Akanishangaa. "Nani ana muda huo? Naisafisha. Miaka kumi haijagusa barabara."

Akanipa mkono. Akaniahidi atasimama upande wangu. Neno letu linabaki hapa paani, kati yetu na ndege.

Nikashusha pumzi. Kisha kile kichwa changu cha hesabu kikaanza kujumlisha.

"Lakini, baba... kama hiki ni chako, changu kiko wapi?"

Mzee akaacha kutabasamu.

"Na hiki cha gia kumi na moja ni cha nani?" ikauliza sauti nyuma yetu.

Mama Zoulikha. Amesimama kwenye mlango wa paa, kiganja wazi, na katikati ya kiganja kiungio changu kinang'aa. Nyuma yake Wassila.

Mzee ndiye aliyepata sauti kwanza. "Zoulikha... umejuaje ni cha kumi na moja?"

"Nimejuaje?" Akasogea. "Nimekanyaga vyuma vyako pekupeku miaka ishirini na mitano. Nimeviokota mfukoni, kitandani, kwenye chano cha unga. Nikivitia mdomoni tu najua. Hiki nilikiuma kijiko cha pili. Nikakiweka chini ya ulimi, nikasubiri nione nani anachimba sinia. Nikaona wawili!"

Akanigeukia mimi.

"Na wewe nilikujua pale mlangoni. Mkono umeungua na jua mpaka kifundo, kiganja cheupe kama cha maiti. Mkono wa glavu za baiskeli. Huyu alikuwa hivyo hivyo siku aliyokuja kuniposa."

Kisha akageukia shuka.

"Na hiyo. Ndege wawili, masaa matano kila siku. Ulidhani mimi nadhani mnaongea nini?"

"Ulijua?" mzee akauliza kwa sauti ndogo. "Miaka kumi? Mbona hukusema?"

"Kwa sababu ulikuwa nyumbani. Paani, lakini nyumbani. Nikikuita unasikia." Akakifumba kiungio kiganjani. "Sikuwahi kuichukia baiskeli, Djelloul. Nilichukia kusubiri."

Hapo nilitamani kutoweka. Mzee aliinamisha kichwa. Na mimi niliona aibu, si ya sufuria. Niliona aibu ya Alhamisi zote ambazo Wassila aliniambia tutoke kidogo, nikamjibu ngoja nimalize gurudumu la nyuma.

Mama Zoulikha akaja mpaka mbele yangu.

"Swali moja. Ukilikosa, chukua wazee wako na keki zako." Akanyoosha kidole kwa Wassila. "Binti yangu ana uchungu wa kuzaa. Gari liko nje. Wewe umeshafungua beringi, ziko mkononi. Unafanya nini?"

Wassila akashika mlango. Mzee akavua miwani.

Nitasema ukweli. Kitu cha kwanza kilichopita kichwani kilikuwa, je, zile beringi ningeziweka kwenye kikombe? Mara moja tu, sekunde mbili? Ndivyo ugonjwa ulivyo.

Kisha nikamwangalia Wassila.

"Ninaziacha, mama. Zikipotea, zimepotea. Zinauzwa nyingine."

Mama Zoulikha akageuka polepole kwa mumewe.

"Umesikia? Zinauzwa nyingine. Miaka ishirini na saba, tangu huyu azaliwe, nimesubiri mtu aniambie maneno hayo."

"Siku ile maduka yalikuwa yamefungwa," mzee akanong'ona.

"Djelloul!"

"Nisamehe, Zoulikha. Ningeziacha. Leo ningeziacha."

Mama Zoulikha akamfuta chembe ya kuskusi kwenye ndevu, kwa kidole gumba, akashuka ngazi. Tukamfuata kama vifaranga.

Chini, ami Boualem alikuwa amemaliza upande wake, wangu na wa baba mkwe. "Ndege wazima?" akauliza.

"Wazima," akasema Mama Zoulikha. "Nyoosheni mikono, tusome Fatiha."

Ikasomwa. Mama yangu akapiga vigelegele. Mpaka leo hajui sufuria yake ilipitia nini, na kama yuko humu anasoma, mama, hii ni hadithi tu.

Zawadi ya harusi kutoka kwa mama mkwe ilikuwa sufuria ndogo, ya cheni peke yake, na saa ya jikoni ya kutega. Dakika arobaini. Ikilia, unaacha ulichoshika. Hata kama ni gurudumu la nyuma.

Mzee naye aliamriwa aishushe baiskeli. "Umeisafisha miaka kumi," mkewe alimwambia, "sasa kaichafue."

Ijumaa ya kwanza akaja kwenye kikundi. Mwenyekiti akapitisha leso kwenye cheni yake, ikatoka nyeupe kuliko ilivyoingia. Watu wazima wakapiga makofi. Mzee akapanda, akakanyaga pedali, akaenda kama mita hamsini.

Pwaa! Tairi la mbele. Pwaa! La nyuma.

Raba ilikuwa imeoza kitambo. Ndani ya mng'aro wote ule.

Mzee akakaa pembeni ya barabara, akacheka mpaka akashika mbavu. Mama Zoulikha alikuwa anatufuata na gari, kahawa kwenye chupa, na matairi mapya mawili kwenye buti. Aliyajua, yule mama. Anajua kila kitu.

Funzo langu ni hili. Kitu unachokipenda kisafishe, lakini kitumie kabla hakijaoza. Na mtu anayekupenda usimweke foleni nyuma ya gurudumu. Beringi zinauzwa nyingine.

Na ukialikwa Blida, ukakuta kuskusi haijashikana hata chembe, tafuna polepole.